Mnapomtaja mwimbaji, mtajeni na mtunzi

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua niijibu makala yenu ya burudani kuhusu albamu ambayo mwimbaji Mwingereza Elton John aliitoa pamoja na Brandi Carlile wa Marekani. Mwandishi wenu aliisifu sauti ya mzee, akazihesabu tuzo zake, akakumbusha mavazi yake ya ujanani na miwani yake ya kila rangi, kisha akamtaja Bi Carlile mara moja tu, tena kwa kumwita mwitikiaji. Kuhusu walioandika maneno ya nyimbo hizo hakusema lolote. Siandiki kwa kuwa mimi ni mpenzi mkubwa wa muziki wa Kimarekani, maana huku Lamu masikio yetu yamelelewa na udi na dumbaki. Ninaandika kwa sababu dhuluma hiyo ndiyo ile ile tunayowafanyia watunzi wetu wenyewe, na tumeizoea hata hatuioni tena kuwa dhuluma.

Kwanza niiweke sawa habari ya albamu yenyewe. Inaitwa Who Believes in Angels?, ilitoka tarehe 4 Aprili 2025, ina nyimbo 10, na jina la Bi Carlile limewekwa sambamba na la Elton John, si kwa herufi ndogo za shukrani. Nyimbo zimetungwa kwa ushirikiano wa watu wanne, nao ni Elton John, Brandi Carlile, mtayarishaji Andrew Watt, na Bernie Taupin, ambaye nitarudi kwake hivi punde. Ilirekodiwa Oktoba 2023 katika studio za Sunset Sound mjini Los Angeles, kwa siku 20, na wapigaji wake ni watu wenye majina yao, kama vile Chad Smith wa bendi ya Red Hot Chili Peppers kwenye ngoma na Pino Palladino, mzaliwa wa Wales, kwenye gitaa la besi. Ilipotoka ilishika nafasi ya kwanza Uingereza, na mmoja wa nyimbo zake ulikuwa umekwisha kuteuliwa kuwania tuzo ya Oscar mwaka huo huo. Mwitikiaji hapewi nafasi ya namna hiyo.

Kilichonivutia zaidi ni namna walivyoifanya kazi yao. Elton John alikuwa ametoka katika ziara ya kuaga iliyoanza mwaka 2018 na kumalizikia Stockholm Julai 2023, yenye maonyesho zaidi ya 300, naye alikuwa na umri wa miaka 76. Mtu mwingine angekwenda kupumzika. Yeye aliingia studio na sharti gumu, kwamba wasibebe wimbo hata mmoja uliokwisha kutungwa, bali kila kitu kizaliwe pale pale mbele ya macho ya wote. Siku za mwanzo zilikuwa chungu. Alikuwa amechoka na mwenye hasira, akachana karatasi za maneno, akatishia kuiacha kazi, na mambo hayo hayakufichwa kwani kamera zilikuwa zinarekodi na mwenyewe aliyasimulia baadaye bila ya kujitetea. Bi Carlile, ambaye ni mdogo kwake kwa zaidi ya miaka 30, hakuwa amekaa pembeni akisubiri kuitwa aitikie. Alikuwa akiandika maneno, akayapeleka kwenye kinanda, yakakataliwa, akaandika mengine. Ikumbukwe kwamba walikuwa wakijuana tangu zamani, kwa kuwa mzee huyu alimpigia kinanda katika wimbo mmoja wa albamu yake ya mwaka 2009, wakati Bi Carlile alikuwa bado anajitafutia njia.

Sasa nije kwa Bernie Taupin. Mwaka 1967 kampuni moja ya muziki ya London ilitangaza katika gazeti kwamba inatafuta vipaji. Kijana mmoja aliyejua kupiga kinanda na kutia sauti, lakini asiyeweza kuandika maneno, alijibu tangazo lile. Kijana mwingine wa shamba kutoka Lincolnshire, mwenye mashairi lakini asiyejua chombo chochote, naye alijibu. Wa kwanza alipewa bahasha yenye maneno ya wa pili, na tangu siku hizo Taupin huandika maneno peke yake, kisha Elton John huiweka karatasi mbele ya kinanda na kuyatafutia sauti. Hata hayo mapenzi ya muziki wa mashambani wa Kimarekani, ambayo mwandishi wenu aliyaona kuwa ni jambo jipya lililoletwa na Bi Carlile, yalianzia kwa Taupin. Alikuwa amelelewa na hadithi za wachunga ng'ombe wa Marekani, na nyimbo za albamu yao ya Tumbleweed Connection, iliyotoka mwaka 1970, zimejaa bunduki, mashamba na vita vya nchi ambayo Elton John alikuwa bado hajaimba jukwaani wakati wa kuzirekodi. Hilo lisitushangaze sisi watu wa pwani, ambao waimbaji wetu waliyachukua mahadhi ya filamu za Kihindi wakayatia mashairi ya Kiswahili bila ya kuikanyaga Bombay.

Mwimbaji ni mmoja na malenga ni mwingine, lakini katika sahani nyingi za santuri za Elton John jina la Taupin limeandikwa. Zaidi ya nusu karne imepita, na jina hilo, ukiacha kazi chache ambazo maneno yake yaliandikwa na wengine, halikudondoka. Mwaka 1975 walitoa albamu nzima inayosimulia maisha yao wawili kabla ya umaarufu, na malenga akawekwa ndani ya jina la albamu yenyewe pamoja na mwimbaji wake. Basi Elton John si mgeni wa kugawana sifa. Mwaka 2010 alifanya albamu ya ushirikiano na Leon Russell wa Oklahoma, mpiga kinanda aliyempokea vizuri alipofika Marekani mwaka 1970 na ambaye baadaye dunia ilikuwa imemsahau. Mwaka uliofuata Russell aliingizwa katika Jumba la Heshima la muziki wa roki, na aliyesimama kumkaribisha alikuwa Elton John.

Bi Carlile naye ana mila yake katika jambo hili, na hapa ndipo nilipomheshimu hasa. Anatoka Ravensdale, kijiji cha jimbo la Washington, na alianza kwa kupanda jukwaani na mamake akiwa na umri wa miaka 8 kuimba wimbo wa Johnny Cash. Mwaka 2019 alishinda tuzo tatu za Grammy kwa siku moja, na mwaka huo huo akawa mmoja wa waanzilishi wa kundi la wanawake la The Highwomen, ambalo ni la muziki wa kantri, yaani huo wa mashambani, waziwazi. Ajabu ni kwamba hilo jina la Brandi Carlile, kama linavyosomeka kwenye majalada ya albamu zake, kwa hakika ni jina la watu watatu. Wengine wawili ni ndugu mapacha, Phil na Tim Hanseroth, wanaotunga naye tangu mwanzo, na kipato chao wanakigawa sehemu tatu zilizo sawa, ingawa sura inayoonekana ni ya mmoja. Nani katika pwani yetu, nauliza, anagawana hivyo na aliyemtungia?

Watu watasema kwamba hayo ni mambo ya wazungu wenye mawakili. Sikubali, kwa sababu taarab ya kwetu imesimama juu ya ushirika wa namna ile ile. Marehemu Zein l'Abdin, mzaliwa wa Lamu na bingwa wa udi, alifanya kazi na marehemu Sheikh Ahmed Nabhany, naye mtu wa Lamu, ya kuyafukua mashairi ya kale, mengine ya karne ya 18, na kuyatia mahadhi ili yaimbike. Marehemu Juma Bhalo aliyeliza watu kutoka Mombasa mpaka Faza aliimba mashairi ya Ahmad Nassir, mwenye diwani ya Malenga wa Mvita. Ushirika huo haukuwa wa mawakili wala wa mikataba. Ulikuwa wa baraza, kahawa na karatasi iliyokunjwa mara nne ikatiwa mfukoni mwa kanzu. Watu wa zama zile walijua maneno ni ya nani, kwa hiyo hawakuona haja ya kuandika. Wamekwenda zao, na ujuzi huo wameondoka nao.

Nina makasha mawili ya kaseti nyumbani, nyingi zimerekodiwa harusini. Hivi karibuni nilizipeleka kwa kijana mmoja hapa Langoni, mwenye kibanda cha kutengeneza simu, anihamishie nyimbo kwenye flashi kabla utepe haujaoza kwa chumvi ya bahari. Kijana ni stadi. Kaseti iliyokwama aliifungua skrubu zake tano, akaupangusa utepe kwa kitambaa cha miwani, akakikata kipande kilichokunjamana, akaunga kwa selotepu nyembamba, kisha akauzungusha taratibu kwa kalamu mpaka ukakaa sawa. Niliporudi kuichukua flashi na kuichomeka kwenye redio, kila wimbo ulikuwa umeandikwa "Taarab ya Zamani" na nambari yake. Sikuweza kumlaumu, kwani juu ya kaseti zenyewe palikuwa na jina la mwimbaji kwa wino wa buluu, pengine na jina la aliyeoa, basi. Ilipofika nyimbo moja ambayo maneno yake nayajua tangu ujana, nilimwuliza, haya ni ya nani? Akanijibu kwa adabu, "Ni ya Bhalo hayo, ami." Nikamwambia kwamba sauti ni ya Bhalo lakini maneno ni ya Ahmad Nassir. Akaniangalia kama mtu aliyeambiwa kwamba nyumba aliyozaliwa ina chumba kingine asichowahi kukiona, kisha akaomba nimtajie na ya nyimbo nyingine ili ayaandike. Nikamtajia nilizozijua, nazo hazikuwa nusu.

Kuna hoja moja ya upande wa pili ambayo ni nzito na siwezi kuipita. Taarab ina siri zake. Nyimbo nyingi zilitungwa kwa kuagizwa, na aliyeagiza alikuwa na mtu wake wa kumpiga fumbo, awe mke mwenza, jirani aliyevunja ahadi, au rafiki aliyegeuka. Mtunzi wa fumbo la namna hiyo mara nyingi mwenyewe ndiye aliyeomba asitajwe, kwa kuwa angetajwa leo, kesho angekutana na mlengwa katika uchochoro ambao punda wawili hawawezi kupishana. Mimi mwenyewe nawajua watu waliogombana miaka kwa ubeti mmoja ulioimbwa ukumbini, na aliyeutunga akiwa amekaa pale pale akipiga makofi pamoja na wengine. Hiyo ni heshima ya fumbo na naikubali. Lakini aliyelengwa amekwisha kufa, aliyelenga amekwisha kufa, wajukuu zao wameoana, na wimbo bado unaimbwa. Siri hiyo sasa inamlinda nani? Na yale mashairi yasiyo na fumbo la mtu, ya mapenzi, ya nasaha, ya sifa za mji, yalifichiwa nini tangu mwanzo?

Tena si kweli kwamba kujitaja ni tabia ngeni kwetu. Mwana Kupona binti Mshamu, alipomwandikia bintiye utendi wake unaosomwa mpaka leo, hakuondoka bila ya kuacha alama. Mwishoni mwake alilitaja jina lake, akataja kwamba alizaliwa Pate, na akataja mwaka wa kutunga, ambao kwa hesabu ya Kikristo ni 1858. Huyo ni mwanamke mgonjwa wa karne ya 19, katika visiwa hivi hivi, asiye na studio wala chama cha hakimiliki. Aliijua thamani ya jina lake kuliko tunavyoijua sisi tuliozungukwa na simu. Malenga wa kale walikuwa na desturi ya kulifunga jina ndani ya beti za mwisho ili mwenye kunakili asipate pa kulikwepa, na naona kwamba kaseti ndiyo iliyotuharibia desturi hiyo, kwani wimbo wa kaseti hufupishwa uenee upande mmoja, na beti za mwisho ndizo zinazokatwa.

Sheria nayo ipo, ingawa sitaki kuifanya barua hii kuwa ya mahakamani. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 inampa mtunzi haki ya kutambuliwa kuwa mwenye kazi yake, na inailinda kazi hiyo kwa miaka 50 baada ya kufa kwake. Watunzi wengi wa nyimbo zinazopigwa katika redio zetu kila Alhamisi usiku bado wamo ndani ya muda huo, na watoto wao tunawapita njiani. Lakini mirabaha haiwezi kumfikia mrithi wa mtu ambaye jina lake halikutajwa mahali popote. Nimemsikia mtangazaji wa stesheni moja, ambayo sitaitaja, akiutambulisha wimbo mmoja kwa jina la mwimbaji wa kikundi cha vijana aliyeurudia mwaka juzi, pasipo kumtaja mwimbaji wa kwanza, sembuse malenga. Kwa hesabu hiyo, baada ya kizazi kimoja Sheikh Nabhany atajulikana kwa wasomi wa vyuo vikuu pekee, ilhali maneno yake yamo vinywani mwa watoto wa Mkomani.

Kuhusu albamu yenyewe kama muziki, niseme kwamba si nyimbo zote zilizonipendeza. Zile za mwanzo zina ngoma na magitaa yaliyosongamana kupita kiasi, na kwa sikio langu sauti ya Bi Carlile, ambayo ni kubwa na safi, inalazimishwa kupiga mbio wakati ingefaa iachwe itembee. Ule aliouimba akimfikiria bintiye anayekua na kuanza kujitenga ni mtulivu, na nimeusikiliza zaidi ya mara moja. Wa mwisho, anaouimba Elton John peke yake kuhusu kifo chake mwenyewe, ndio bora kuliko wote. Alipoyapokea maneno yake kutoka kwa Taupin, aliyasoma huku akiyatafutia sauti, na alipofika kwenye kiitikio akatambua kinachosemwa, akaangua kilio, kazi ikasimama. Hebu fikirini, Mhariri, ni nani anayeweza kumwandikia mwenzake maneno ya kumliza namna ile, ila mtu aliyemjua kwa zaidi ya miaka 50? Kuusifu wimbo huo bila ya kumtaja mtunzi ni kumshukuru mwenye mashua kwa samaki na kumsahau mvuvi. Mwandishi wenu aliuita "wimbo wa Elton wa kuaga", akaendelea na habari ya miwani.

Ombi langu kwenu ni dogo na halina gharama. Kila mnapoandika habari ya wimbo, uwe wa Los Angeles, wa Dar es Salaam, au wa harusi ya Shela, wekeni mwishoni mistari mitatu mifupi inayotaja maneno ni ya nani, mahadhi ni ya nani, na mwimbaji ni nani. Pale ambapo mtunzi hajulikani, andikeni kwamba hajulikani, ili anayejua apate kuwaandikia. Gazeti lenu hutufikia kwa boti kutoka Mokowe, mara nyingi jua likiwa limekwisha kupanda, na hupita mikononi mwa watu kumi kabla ya kufungiwa mahamri. Miongoni mwa hao kumi hakosi mmoja anayejua mambo ambayo hayamo katika intaneti.

Mimi nimeanza kuandika orodha ya nyimbo zilizomo katika kaseti zangu. Zile ambazo nina yakini nazo nimeandika jina la mtunzi, na zile nisizo na yakini nazo nimeacha pengo na kunakili ubeti wa kwanza, ili wazee wa Mkomani, Siyu, Faza na Malindi waweze kuutambua na kulijaza. Kama dawati lenu la burudani litakubali kuichapisha, hata kwa vipande vya ubeti mmoja mmoja kila wiki, naomba mnijulishe kupitia wakala wenu wa hapa, nami nitaituma ikiwa imeandikwa kwa mkono unaosomeka.

Msikilizaji wa taarab,
Langoni, Lamu.